Chuma cha Ramsakhi Kilivyooga

"Kesho huo mkoba wako wa vyombo uuache hapahapa," Ramsakhi alimwambia mke wa mwanawe. "Tunakwenda harusini, hatuendi kumzalisha mtu."

Kanchan aliusukuma mkoba kwa mguu mpaka chini ya kiti cha wateja, akaendelea kusugua beseni. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ileile waliyoishi wote, hapa kwetu mtaa wa vinyozi, mlango ukitazama soko la samaki. Tangu aifungue, mama mkwe wake hakuwahi kukanyaga ndani. Maneno yake yote aliyasemea kizingitini, mkono mmoja kiunoni.

"Mama, mkoba ni mdogo tu. Nitauficha chini ya sari."

"Ufiche chini ya ghala, hauendi! Bi Mkubwa mwenye harusi akiuona atasema mkono wangu umekufa, sasa analetewa mtu wa kuchana karatasi."

Hilo la karatasi lilikuwa utani wake wa kila siku. Kanchan alikuwa na sufuria ya mvuke, kama zile tunazopikia dengu, ila hiyo yake haikuwahi kuonja dengu. Aliviosha vyombo kwa sabuni na brashi, akavitia humo, kisha akavifunga katika bahasha ya karatasi, bahasha moja mteja mmoja. Hakuichana mpaka mteja ameketi na anatazama kwa macho yake mwenyewe. "Wanawake wa mji huu wamepagawa," Ramsakhi alituambia sisi majirani. "Wanalipa kutazama mtu akichana karatasi!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma, msinione hivi.

Lakini na chuma chake Ramsakhi nacho kilikuwa na habari zake. Ni kile cha kukatia kucha, wenyewe twakiita naharni, urefu wa kidole, makali mbele kama patasi ndogo. Alipewa na mama mkwe wake, naye alipewa na wake. Kilikaa kiunoni usiku na mchana, cheusi tii, na hakijui sabuni ni kitu gani. Kikitumika kilifutwa kwa pindo la sari, basi.

Kwa nini? Kwa sababu siku bibi harusi anapokatwa kucha, mke wa kinyozi huanzia kwa mke mkongwe kuliko wote nyumbani, akashuka kwa umri, mguu kwa mguu, hadi kwa bibi harusi. Hapo kidole chake kidogo cha mguu huchomwa kidogo, tone la damu likachanganywa na rangi nyekundu ya kumpaka miguuni. Bahati ya wake wote wale, ambao waume zao wako hai, hupanda juu ya chuma na kuingia kwa msichana kupitia lile tone. Ukikiosha chuma, umeosha bahati ya watu. Ndivyo tulivyoambiwa na ndivyo tulivyoamini. Kanchan alipothubutu mara moja kusema kichemshwe, Ramsakhi alisusa chakula, ikabidi mwanawe Bhogendra ampigie magoti.

Alasiri ile bibi harusi mwenyewe, Shambhavi wa nyumba kubwa, alikuja saluni. Alisindikizwa na mtumishi wa mama yake, ambaye alibaki nje akitafuna mbegu za yungiyungi za kukaanga na kugombana na wauza samaki.

Kanchan alinawa mikono hadi viwikoni. Alitandika plastiki mpya ndani ya beseni, akatandaza taulo safi mapajani, akaipokea miguu ya msichana juu yake. Sehemu hii aliipenda kuliko zote. Kila mara aliposhika mguu wa mtu alishangaa upya, jinsi kitu kidogo hivi, chenye vifupa vingi vyembamba, kinavyombeba mtu mzima na mizigo yake tangu alipojifunza kusimama, na hakuna anayekishukuru. Aliutazama unyayo, akatenganisha vidole, akatazama katikati yake.

"Una kidonda popote?" aliuliza. "Unasikia ganzi? Una sukari?"

Maswali hayo alimuuliza kila mtu, na wengi walimcheka. Shambhavi hakucheka. Alitazama mlangoni. Kanchan alikuwa ameshaona alama kisiginoni, mchubuko wa kiatu, wa zamani lakini bado mwekundu.

"Na kama ninayo?"

"Kama unayo sitailoweka miguu yako, nitaiosha tu haraka na kuikausha vizuri. Na ngozi siigusi na kitu chenye makali. Hakuna kingine kitakachobadilika."

"Hapa hakuna. Kwetu kinabadilika kila kitu."

Akaeleza kwa sauti ya chini. Alikuwa akijichoma sindano tangu utoto. Mama yake aliificha dawa kwenye jokofu, nyuma ya chupa ya achari ya embe. Mwaka uliopita mwiba tu ulimwingia mguuni, akalala kitandani masika yote, na daktari wa mjini Patna akaonya kwamba ukirudi usaha mwingine kama ule, huenda wakakata kidole, huenda wakakata mguu. Upande wa bwana harusi hawakuambiwa neno.

"Basi kesho usikubali kuchomwa," Kanchan alisema.

"Nitakataaje, dada? Shangazi yake bwana harusi ameshafika na zawadi, na kesho atakaa mbele kabisa. Wameshasema kwao, msichana asiyetoa tone ana lake jambo. Mama anasema ni tone tu, nifumbe macho." Akamshika Kanchan mkono uliolowa. "Apa hutamwambia mtu."

"Kinachosemwa hapa kinabaki hapa."

"Apa."

Kanchan alitia kiganja ndani ya beseni. "Naapa kwa maji haya."

Kisha akachana bahasha mbele ya macho yake. Alimkata kucha kwa kunyoosha, bila kuzama pembeni, akazipiga tupa mpya, akaiacha ile ngozi laini ya mzizi wa ukucha bila kuigusa. Alimkausha katikati ya kila kidole kana kwamba anamkausha mtoto mchanga. Shambhavi alipovaa viatu alitazama chini, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ni mizuri," alisema.

Siri hii leo si siri. Mwenyewe alimweleza mumewe kabla mwezi wa kwanza haujaisha, na mumewe ndiye anayemchoma sindano hadi leo. Vinginevyo msingeisikia kwangu.

"Mama," Kanchan alisema jioni wakati wa chakula, "hiki chuma, mara hii moja tu, nikichemshe."

Ramsakhi aliacha kumega wali. "Kwa nini?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi kusema! Bhogendra, umesikia? Mkeo ana mambo asiyoweza kuniambia mimi."

Bhogendra aliinamia sahani yake ya samaki. "Mimi simo," alisema. "Nina miiba ya kutoa hapa."

"Mama, ni kichafu kile," neno likamtoka Kanchan, na akatamani alimeze.

Ramsakhi hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepiga kelele. "Kichafu. Siku uliyoingia nyumba hii, nani alikuosha miguu? Chuma kipi kilikukata kucha? Umekufa? Umekosa mume?" Macho yalimjaa machozi. "Sema tu unanionea kinyaa. Umesomea Patna miezi mitatu, sasa mikono yangu inakutia kinyaa."

"Sivyo, mama."

"Kesho utashika bakuli la rangi, na mdomo wako utaufunga. Ukifumbuka mbele ya Bi Mkubwa, kile kibao chako cha nje nitakishusha mwenyewe nipikie. Chumba kirudi kuwa chumba. Nimemaliza."

Kanchan hakulala vizuri. Akisema, amevunja kiapo na amevunja harusi. Asiposema, chuma kile kitaingia katika mguu ambao amejua ulivyo. Na saluni ndiyo kitu pekee duniani alichoweza kukiita chake.

Asubuhi ua wa nyumba kubwa ulijaa sari za kila rangi. Wake waliketi kwa mstari juu ya mikeka, miguu mbele, na sisi wa mtaani tulikaa nyuma kuimba. Wa kwanza mstarini alikuwa bibi yake Shambhavi, bi kizee Saudamini, mume wake akikohoa hai kabisa chumba cha pili. Mwanamke wa heri kuliko wote. Na ukucha wa kidole chake gumba ulikuwa umeinuka, mnene, wa manjano, na chini yake pametota.

"Hapo hapo, Ramsakhi, chimba," alisema. "Pananiwasha mwaka mzima. Ah! Mkono wako mwepesi, mwanangu."

Ramsakhi alichimba, akafuta chuma kwa pindo, akahamia kwa wa pili. Alikuwa kwenye ubora wake siku hiyo. Kila mguu alioumaliza aliudai zawadi, na asipopewa haraka hauachii.

"Wewe mke wa mwanasheria, kisigino kina nyufa hivi, mumeo anapandia miche humo?"

"Mwachie mguu, mchawi wewe!"

"Sari kwanza!"

Tulikuwa hoi kwa kicheko. Kanchan peke yake hakucheka. Alisimama na bakuli la rangi, macho hayaondoki kwenye kile chuma, kikitoka kwa huyu kikiingia kwa yule, kikifutwa kwenye pindo lilelile.

Shambhavi akaletwa, mwili wote umepakwa manjano ya harusi. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke mrefu mwenye miwani, alisogeza mkeka wake karibu ili asipitwe na kitu. Ramsakhi aliupakata mguu wa bibi harusi, akaanza kuimba wimbo wa tone, akashusha chuma kwenye kidole kidogo.

Kanchan akamdaka mkono.

Bakuli lilianguka. Rangi ikatapakaa juu ya mkeka, nyimbo zikakatika.

"We!" Bi Mkubwa, mama yake bibi harusi, alisimama. "Nani kakuruhusu kugusa hapa? Kashike bakuli lako!"

"Kuna nini?" Shangazi mwenye miwani aliinua kichwa taratibu. "Mguu wa bibi harusi una nini?"

Kanchan alizidi kuushika mkono wa mama mkwe wake. Shambhavi alikuwa amefumba macho. Nilimwona midomo imekauka mpaka imepauka, nikadhani ni aibu ya harusi tu.

Sasa sikilizeni. Ramsakhi angeweza kumzaba kofi pale pale na sote tungesema amestahili. Alikuwa ameshaukunja uso. Lakini aliutazama ule mkono uliomshika. Ulikuwa unatetemeka, na mkono wa Kanchan haukuwa wa kutetemeka. Kisha akausikia mguu uliokuwa mapajani mwake, umelowa jasho la baridi katika jua lile. Watu hudhani mke wa kinyozi hutazama kucha tu. Miguu ilimwambia Ramsakhi mambo ambayo midomo ya wenyewe haikuthubutu, tangu alipokuwa msichana. Mwisho akatazama pindo la sari yake, akaona pale alipofutia uchafu wa bi kizee Saudamini, doa la manjano.

Akaangua kicheko.

"Lo, uzee huu jamani! Mtazizika akili zangu kabla yangu! Huyu kanikumbusha, nilitaka kuharibu harusi ya watu. Chuma hakijaoga!"

"Kuoga?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Bibi harusi kaoga. Bwana harusi huko kwao kaoga. Na hiki kinachokwenda kumbusu mguu kisioge? Nyumba kubwa kama hii? Leteni moto! Leteni sufuria ya shaba, na maji, na sabuni!"

"Mbona cha harusi yangu hakikuoga?"

"Wewe ulikatwa na mama mkwe wangu. Alikiogesha nyumbani kabla hajaja, ungejuaje?"

Uongo mtupu. Mimi nilikuwepo siku ile, na chuma kilitoka kiunoni kama kilivyoingia. Lakini aliusema bila kupepesa.

Shangazi mwenye miwani hakuwa mtu wa kudanganyika kirahisi. "Kwetu tunasema ukikiosha, bahati inakwenda na maji."

Ramsakhi alimgeukia polepole. "Mama, kesho hawa watoto watazunguka nini?"

"Moto."

"Moto huo utawaunguzia ndoa?"

Shangazi akaivua miwani, akaifuta.

"Basi bahati inayoogopa moto usimpe mpwa wako. Koka kuni, mwanangu."

Kanchan alinawa, akakichukua chuma kwa vidole viwili, akakisugua kwa sabuni na nyuzi za nazi mpaka povu likawa la kahawia. Akamwaga, akasugua tena. Kisha akakitia kwenye sufuria, na maji yakaanza kuchemka. Hakuna aliyejua wimbo wa kuogesha chuma, kwa kuwa haukuwahi kuwepo. Ramsakhi akautunga palepale, akipiga makofi:

"Oga, chuma, oga leo, una ugeni,
uliyekula vumbi letu, huli tena ugenini!"

Tukadakia. Beti zikaisha. Ramsakhi akamtupia Kanchan jicho, na Kanchan akatikisa kichwa kidogo sana. Bado. Basi Ramsakhi akageukia kuwatukana wakwe, ambao siku ya harusi wana ruhusa ya kutukanwa:

"Baba wa bwana harusi tumbo lake kama pipa,
akikaa chini leo, kesho ndiyo anafika!"

Kicheko kilipasua ua. Ubeti uliofuata akaja mjomba anayewalilia samaki kuliko ndugu zake. Akaja shangazi mwenye miwani anayesoma miguu ya watu kama gazeti, na shangazi mwenyewe, jamani, akapiga makofi. Kila Ramsakhi alipotulia alimtazama Kanchan, na kila mara kichwa kilisema bado. Sauti ikamkauka, jasho likamtiririka, naye akaendelea. Sijawahi kuona mtu akimwamini mwenziwe namna ile, bila kujua anaamini nini.

Hatimaye Kanchan akaitikia kwa kichwa. Tulisogea sote. Maji yalikuwa meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, na chini pametulia magamba. Hakuna aliyecheka tena. Tulijua kila mmoja wetu kwamba humo mlikuwa na mguu wake, na wa mama yake. Bi Mkubwa alijifunika mdomo kwa sari.

Kanchan akakiopoa na kukilaza juu ya kitambaa kipya. Kilikuwa cheupe kwa mng'aro wa kijivu. Tuliozaliwa mtaa huu na kuzeekea hapa hatukujua kwamba kina rangi. Na kwenye mpini, pale ambapo kidole gumba cha Ramsakhi kilikaa maisha yake yote, palikuwa pamechorwa samaki wawili wadogo, wameelekeana, magamba yao yote yanahesabika.

Ramsakhi aliinama. Aligeuza kitambaa huku na huku. Alitaka kusema utani, nikamwona anautafuta, na haukuja.

"Hawa walikuwa humu?" alisema.

"Walikuwa humu, mama," Kanchan alijibu.

Bi kizee Saudamini akaviinua viganja na kukiinamia chuma kama wainamiavyo mungu, na wake wote mstarini wakafuata. Shangazi mwenye miwani pia.

"Macho yangu yameingia moshi," Ramsakhi alisema, sauti imekwisha. "Shika wewe."

Kanchan aliosha kidole cha Shambhavi kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Akamchoma kidogo sana, tone likatoka jekundu, akalipokea kwa pamba safi na kulitia kwenye rangi mpya. Akakikandamiza kidole kwa kitambaa mpaka damu ikakata kabisa. Ndipo akapaka rangi miguu yote miwili, isipokuwa kidole kile.

"Hicho hakipakwi?" shangazi aliuliza.

"Hicho kimeshatoa chake," Ramsakhi alijibu.

Shambhavi alifumbua macho. Hakumtazama mama yake wala shangazi. Alimtazama Kanchan, kisha Ramsakhi, machozi yakamchirizika juu ya manjano, na wanawake wakafurahi wakisema analia vizuri kama bibi harusi wa zamani.

Bibi harusi alipokwisha kuondoka na mji kutulia, Ramsakhi alikuja mlango wa saluni. Alisimama kizingitini, mkono kiunoni. Kanchan aliendelea kupanga taulo akisubiri maneno yake.

Ramsakhi akaingia. Alitazama kiti, akakipapasa, akakaa. Akavua kandambili.

Kanchan alipiga magoti, akatandaza taulo, akapokea miguu ya mama mkwe wake. Alikuwa ameishi naye miaka minane na hakuwahi kuiona karibu. Visigino vilipasuka mpaka nyama. Kucha zilikatwa ovyo, moja imezama ndani, kwa kuwa mwanamke aliyekata kucha za mji mzima hakuwa na wa kumkata zake, alijikata gizani kwa kukadiria.

"Niulize," Ramsakhi alisema.

"Nini, mama?"

"Yale unayowauliza wengine."

"Una kidonda popote? Unasikia ganzi? Una sukari?"

Ramsakhi alifikiri kila swali kwa zamu. Hakuna mtu aliyewahi kuiulizia miguu yake. "Kisigino kinauma nikiamka," alisema. "Ganzi sina. Hilo la tatu sijui, hakuna aliyenipima."

"Tutakwenda kupima."

"Tutakwenda." Akatazama nje, sokoni. "Yule mtoto. Mguu wake ulikuwa baridi. Ana nini?"

Kanchan aliinamia beseni. Maji yalitulia. Hakusema neno.

Ramsakhi alisubiri, kisha akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyelipwa sawasawa.

"Vizuri," alisema. "Na habari zangu usimwambie mtu."

Akatoa chuma kiunoni, kimefungwa ndani ya kitambaa cheupe, akakiweka juu ya meza pamoja na vyombo vingine. Halafu akaegemea kiti, akanyoosha miguu.

"Haya, leta bahasha," alisema. "Ichane hapa mbele yangu, nami nione."